Kiti cha Bi Somoe

Mtwara hadi Vankuva ni saa ishirini na sita angani, lakini siku hizi abiria hufumba jicho tu akafika. Saa zake hubebwa na ndugu aliyemwekea dole gumba la kukubali, naye huganda kitini mpaka ziishe.

Bi Somoe alimwekea mwanawe Chiponda, anayefanya kazi Vankuva. Mapumziko ya Chiponda kazini ni siku moja, basi kila Jumamosi huja. Mimi jirani, mwongo maarufu, hili nimeliona: humpigia magoti mama aliyeganda, "Shikamoo, mama," akarudi zake, na saa za kurudi zikaongezwa juu ya zile za kuja.

Jumatatu Bi Somoe huzinduka na kanga mpya mabegani.

"Jirani, kaja?"

"Kaja."

"Kakonda?"

"Aa, kanenepa huyo!" nikadanganya.

"Basi nisimwondolee dole," akasema. "Atakujaje kuniona?"