Mgonjwa wa Mtihani

“Nikikaa, sisikii kama nimekaa,” alisema mzee mwenye koti la kiwanda cha mbao. Alikuwa ameingia humo kliniki akiburuta mguu wa kushoto na kuuliza kama daktari yupo. Bi Maxine Toller, msimamizi wa mtihani, alimwonyesha kwa kalamu kiti kilichokuwa mbele ya Lorna.

Lorna Pruitt aliandika. Hii ilikuwa mara yake ya tatu. Tangu sheria mpya ipite, msaidizi wa kliniki ya kunyoosha mgongo hamgusi mtu bila cheti, na daktari wake alikwishamwambia wazi: akifeli tena, Jumatatu nafasi yake anapewa mwingine.

Mara mbili alikuwa ameponzwa na huruma. Mbele ya waigizaji wanaolipwa kujifanya wagonjwa, kila mmoja na maradhi ya kujitungia, alijisahau akawaambia wasijali, yatapita. Msaidizi haruhusiwi kusema hivyo. Safari hii alikuja moyo umekufa ganzi, na hakutaka uzinduke.

Alimuuliza mzee kwa kufuata fomu. Jina, Orville Stamm. Mguu umeanza lini? Alhamisi. Kuna lingine?

Mzee alitazama sakafu. “Tangu jana mkojo hauji, binti. Niambie ukweli, ni kitu kibaya?”

Macho yalikuwa yamemlowa. Huyu fundi kweli wa kuigiza, Lorna aliwaza, wala hakusikia chochote moyoni.

“Siruhusiwi kusema, mzee. Nitamjulisha daktari sasa hivi.”

Bi Toller aliivuta ile fomu, akatia alama ya vyema ya mwisho. Alimnong'oneza Lorna kwamba hapo ndipo wengi wanapoteleza, na kwamba mwaka huu hajaona mtahiniwa mtulivu kama yeye. Cheti amepata. Lorna alijaribu kufurahi, furaha ikagoma.

Mzee bado alikuwa amekaa. “Sasa mimi niende nyumbani tu?”

“Nenda kapumzike, mzee wangu,” Bi Toller alisema kwa tabasamu. “Nawe tumemaliza.”

Mzee alishusha pumzi, akawashukuru wote wawili. Aliinuka kwa kushikilia meza, akatoka. Walisikia gari lake likiwaka, kisha likiondoka.

Bi Toller alikuwa akigonga muhuri mlango ulipofunguliwa tena. Mwanamume mwenye theluji mabegani aliingia akihema.

“Samahanini, barabara imeziba,” alisema. “Haya, mgonjwa wenu nimefika. Niumwe mgongo au shingo?”