Mpima Hanywi Maji

Kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni Isidore alipokirudisha juu ya kigoda, bila kunywa hata tone.

"Kunywa, halafu unionyeshe meno," Mama Albertine alikuwa amemwambia, kisha akacheka kwa aibu. "Unisamehe, Mupima. Ni maneno ya kuchezea watoto wangu zamani. Yamenitoka tu."

"Acha, mama," akasema Kapita Jean-Marie, mkuu wa kijiji. "Mupima hanywi kwa mutu mwenye kesi. Anajua kazi yake."

Isidore akaitikia kwa kichwa. Kweli ndivyo sheria ilivyosema: mpima ardhi hali wala hanywi kwa mwenye kesi, hapimi ardhi yenye faida kwake, hamsemei mtu. Asubuhi, ofisini Kabambare, aliinua mkono akaapa kwamba hana ndugu wala mali katika kesi hii ya kijiji cha Wamaza. Aliapa kwa moyo mweupe. Kazi hii aliisomea ukubwani, masomo ya jioni, baada ya kubeba matofali mchana kutwa huko Kasongo, na kila alipofaulu mtihani alipiga magoti akashukuru.

Sasa aliinama juu ya mashine ya kupimia, asimtazame Mama Albertine.

"Mupima ameogopa meno!" akasema Alain, mnunuzi wa dhahabu kutoka Salamabila, akiwa ameketi juu ya pikipiki yake katikati ya njia. "Labda yamebaki mawili tu!"

Watu wakacheka. Isidore hakucheka.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Alain alinunua shamba la jirani, akadai mpaka uko kwenye kichuguu, karibu kabisa na nyumba ya Mama Albertine. Mama Albertine alisema mpaka uko chini, kwenye mchikichi ulio kando ya kijito. Kati ya kichuguu na mchikichi kulikuwa na mihogo yake yote. Alain hakutaka mihogo. Alitaka mchanga wa kijito, wenye dhahabu. Wazee walioujua mpaka walikuwa wamekwisha kufa.

"Bwana yangu aliupanda ule mchikichi mpakani," mama akasema. "Chini yake nilizika kitovu cha mutoto wangu wa kwanza."

"Basi tufukue!" kijana mmoja akasema.

"Nani afukue?" Kapita akamkaripia. "Kitovu cha mutu hakiguswi mpaka mwenyewe aseme. Mama amenitajia sikioni kitu alichokizika nacho. Mwenye kitovu akija akikitaja, tutachimba, na kikionekana, mpaka ni pale. Ndiyo desturi yetu."

"Na huyo mutoto iko wapi?" Alain akauliza. "Tumungojee mpaka mihogo ioze?"

Mama Albertine alikaza kitenge kiunoni. "Alipotea msituni, siku tulipokimbia vita. Nilikuwa namubeba mugongoni bado, akichoka. Kile kitu nilimwimbia kila jioni, ili asikisahau." Akatazama chini. "Sikuona hata kaburi lake."

"Pole, mama. Kweli, pole," Alain akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa laini. Halafu akawasha pikipiki, akaizima tena. "Lakini muti bila mwenyewe ni muti tu. Mupima, piga kigingi kwa kichuguu, jua linatuchoma."

"Hakuna shahidi mwingine?" Isidore akauliza.

"Hakuna," Kapita akajibu. "Kama hayupo, fanya kazi yako."

Pikipiki iliziba njia ya kurudi, na watu walisimama duara kumzunguka. Lakini si hao waliomfunga. Akinyamaza, jua litazama Mama Albertine akiwa hana mahali pa kuchimba muhogo mmoja. Akifungua mdomo kumsaidia, si mpima tena. Ofisini hawatauliza kwa nini. Watauliza tu kama aliapa.

Akainua kigingi cha saruji. Akafumba macho akasali, kama Mama Régina aliyemlea alivyomzoesha: omba kwanza, kisha chimba. Aliomba apewe njia, hata iwe nyembamba. Akataka kumalizia kwa maneno yale ya kitoto aliyomalizia kila sala tangu alipoanza kusali, maneno ambayo Mama Régina alizoea kuyacheka kwa kuwa hayakuwa na maana. Leo aliyazuia; yalikuwa yamepata maana.

"Unaomba ao unalala?" Alain akauliza.

Isidore akakilaza kigingi chini. Akavua kizibao chake cha kazi, cha rangi ya machungwa, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya mashine. Kisha akaenda kwenye kigoda, akachukua kikombe, akanywa maji yote.

Watu wakaguna.

"Mumeona?" Alain akapiga kelele. "Munamuona? Ameuza kazi yake kwa maji!"

"Kapita," Isidore akasema, "tuma mtu Kabambare akaombe mpima mwingine. Mimi sifai kupima hapa, na nitawaambia mwenyewe." Akapangusa mdomo. "Lakini kwanza leteni jembe. Ni ushanga wa buluu, ndani ya ganda la konokono."

Kapita Jean-Marie akashika mdomo.

Isidore akamgeukia Mama Albertine, akamwonyesha meno.