Injini ya Bibi Harusi

Mwanasiti aliolewa pamoja na injini. Ililetwa Tanga kwa mkokoteni, juu ya vyombo vyake, imefunikwa kanga. Aliirithi kwa babu yake, na sheria ilijulikana kwa kila mtu: tangu magari yaanze kujiendesha yenyewe, gari la kuendeshwa na binadamu huwekwa vipande vipande tu. Kila kipande hulala anapolala mrithi wake, na vipande vya gari moja havilali nyumba moja.

Mumewe, Hemedi, alirithi bodi nyekundu ya gari la michezo la Kijapani. Ilikaa sebuleni, na maharusi walikuwa wakinywea chai humo ndani.

Siku ya tatu alikuja mthamini, Bi Chausiku. Aliigonga milango, akapapasa taa, akafunua boneti na kusugua kibati cha kiwandani kwa brashi.

"Hii ni yenyewe, si ya kuigiza," akasema. "Kibati kinataja na injini iliyozaliwa nayo."

Akaanza kusoma namba ya injini hiyo. Mwanasiti, kwa mzaha tu, akapiga magoti kwenye injini yake, akafuta grisi kwa upindo wa kanga na kuitikia. Saba. Saba. Mbili. Mbili. Mzaha ukaisha. Walifika tarakimu ya mwisho wakipaza sauti wote watatu.

"Tangu nianze kazi sijaona zikikutana," Bi Chausiku alisema. "Thamani yake haina mfano."

Hemedi alimbeba mkewe juujuu, wakacheka mpaka majirani wakachungulia. Babu, Mwanasiti aliwaza, ndiye aliyenichagulia mume.

Bi Chausiku alikuwa ananawa mikono, taratibu.

"Wanangu," akauliza, "leo nani anarudi kwao?"