Jenereta Lililogoma Nyuma ya Ukumbi

Umeme ulipokatika, mama wa bibi harusi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye jenereta, viatu mkononi, kilemba kimekaa upande. Fundi wa ukumbi alimkuta ameegemea tangi la mafuta, anahema kama aliyekimbizwa na mbwa.

"Mama, ungekaa ndani. Huku kuna grisi."

"Nikae ndani nifanye nini, mwanangu? Wewe washa."

Fundi akazungusha ufunguo. Jenereta likanguruma kidogo, likakohoa, likanyamaza. Akarudia. Starta ikazunguka kwa nguvu zake zote, injini ikakataa katakata. Kila ilipozunguka, mama alishtuka, akajibana zaidi kwenye tangi.

Si bure. Binti yake alikuwa ndani na shela lake, na wakwe walikuwa watu wa aina ile wanaonuna kwanza, sababu wanaitafuta baadaye. Jambo moja tu likienda kombo leo, wangeondoka, na kijana wao nyuma yao.

"Betri nzima," fundi alijisemea. "Mafuta nimejaza mwenyewe asubuhi. Mama, hebu sogea kidogo nitazame koki ya mafuta."

"Koki nimeshaitazama. Labda ni kichujio."

Fundi alisita. Mama mwenye harusi humsukumi kama pipa. Akachukua spana, akainamia kichujio.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mdogo wake mama akachungulia, anajipepea kwa kadi ya mwaliko.

"Dada, humo ndani tunaiva. Wakwe wameshavua makoti."

"Wamenuna?"

"Bado. Ila kaka yetu hajakaa. Umeme umemkatikia ndiyo kwanza anaanza hotuba, na yeye anaendelea tu na kipaza sauti kimekufa. Wakwe wanatikisa vichwa kwa adabu, hawasikii kitu. Mimi mwenyewe nimesoma midomo."

"Amefika wapi?"

"Kwa yule mchumba wa kwanza wa binti yako."

Fundi aliinua kichwa. "Kwani walikuwa wangapi?"

"Kichujio, mwanangu," mama alisema. "Kichujio."

Kichujio kilikuwa safi. Fundi akalegeza mpira wa mafuta, akachungulia, akakuna kichwa.

"Ajabu hii. Mafuta hayafiki kabisa."

"Labda pampu."

"Pampu mpya, mama." Akazungusha tena. Starta ikalia, safari hii kwa uchovu. "Betri ikiisha hapa, meneja atanifukuza leo hii hii."

"Hakufukuzi mtu, nitasema naye mimi. Tulia kwanza, ipumzike."

Lakini yeye mwenyewe hakutulia. Alibadilisha mguu wa kusimamia, akatazama mlango, akatazama saa, akautazama mlango tena. Jasho lilimpitia wanja, likashuka nao hadi kidevuni, wala hakulifuta.

Mdogo wake akatokeza tena.

"Kaka amekaa. Sauti imemkauka, anaomba maji. Wakwe wamempigia makofi, wanasema ana hekima."

Mama akashusha pumzi ndefu. Akavaa viatu, akanyoosha kilemba, kisha akapeleka mkono nyuma ya mgongo wake na kufungua koki ya mafuta.

"Sasa washa, mwanangu."