Msala wa Maalim Shaali

Daktari alikwishasema: saratani ya tezi dume ingali changa; ama waipime kila miezi mitatu, ama waitoe tezi, na pengine mkojo usizuilike tena. Vitabu vya fiqhi vingemruhusu Maalim Shaali, aliyekuwa imamu kwa miaka thelathini, aswalishe na udhuru huo. Moyo wake haukumruhusu.

"Itolewe," alisema mkewe, Bi Zuwena, akimmiminia maji ya udhu. "Maimamu wapo tele. Mume ninaye mmoja."

"Na kama saratani itabaki imelala?"

"Na ikiamka?"

Msikitini, swala ilipokimiwa, Maalim alisimama katikati ya maamuma, apate kuionja nafasi ya mwenye kuswalishwa. Watu wakangoja. Muadhini akageuka kumtazama, na msala uliotandikwa mihrabuni ukabaki mtupu.