Walinzi wa Michungwa ya Mjane

Sikieni, ninyi mlao tunda bila kuuliza habari za mti. Digidigi, mjane mnyenyekevu, alikuwa na michungwa iliyowalisha yatima wake. Majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, walijenga humo viota vya majani, wakawala wadudu wote walioliharibu tunda.

Akaja Ngedere, mnunuzi mwenye haraka, pamoja na wachumaji wake.

"Mama, vijana wangu wanaumwa na majimoto! Vichome hivyo viota, la sivyo sinunui hata chungwa moja."

"Bwana, hao ndio walinzi wangu."

"Walinzi gani hawana hata rungu?" Wachumaji wakaangua kicheko.

Digidigi aliiwaza njaa ya wanawe, akavichoma huku akilia.

Msimu uliofuata Ngedere alirudi na matenga yake. Alipasua chungwa la kwanza, akakuta funza. Akapasua la kumi, akakuta funza. Kisha akawaona yatima wamekonda, na moyo wake ukapondeka. Akaenda hadi mpakani mwa shamba, kilikosalia kiota kimoja, akapiga magoti.

"Malkia, nimekosa. Rudini."

"Umemkosea mjane kwanza," Malkia wa majimoto akamjibu kwa ukali. "Tutarudi kwa ajili yake. Tubebe."

Ngedere akakikumbatia kiota, akaumwa kila hatua, wala hakukitupa. Digidigi alipoiona mikono yake imevimba, hakumsimanga. Alimtangulia, akamwonyesha mchungwa uliokuwa dhaifu kuliko yote.