Magoti ya Mbonea

"Kunja magoti," mwalimu mkuu alimnong'oneza Mbonea. "Kaptula yako ndefu, itaficha."

Pale uwanjani Same, Mzungu wa elimu alikuwa amesimamisha miti miwili na kulaza ufito juu yake. Anayepita chini bila kuugusa anacheza mpira. Anayeugusa ni mtu mzima, akae nje. Mwaka huu hata waliorudia darasa walikuwa wameruhusiwa kucheza mwaka mmoja zaidi, mradi wapite hapo.

Mbonea alikuwa anarudia la sita kwa mara ya pili. Kufeli, hakufeli. Ila shule haikuwa na golikipa mwingine.

"Mwalimu, nikiugusa je?"

"Ukiugusa nikubakize wa nini? Januari nakupeleka la saba, mimi natafuta kipa mwingine. Kwa hiyo usiuguse, baba. Kunja."

Wachezaji wa shule ya Hedaru walishaanza kumtania. "Mzee, shikamoo! Watoto hawajambo?"

"Marahaba," Mbonea alijibu bila kugeuka. "Wanawasalimia."

Alikuwa ameshuka mlimani kwa miguu tangu alfajiri. Sasa alikunja magoti kama mtu anayetaka kukaa kwenye kigoda kisichokuwepo, akaanza kupita. Mapaja yalitetemeka. Ufito ulikuwa juu ya nywele zake, umbali wa vidole viwili tu.

Bado hatua moja. Mwalimu akashusha pumzi.

Mbonea alikuwa amechoka. Alinyoosha goti la kulia, halafu la kushoto, polepole, mpaka kichwa kikauinua ufito kutoka kwenye miti.

Akasimama nao hapo hapo kichwani, ili Mzungu auone vizuri.